Kapu Lililorudishwa Kashikishi

Kashikishi, 9 Juni 1997

Mama mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mgongo unaendeleaje? Sisi hatujambo, watoto wanakula na kukua. Kwa mashua ya Hénoc, anayevuka ziwa kuja kwenu, nakutumia kapu la samaki wakubwa, nimewakausha mwenyewe kwa moshi. Tangu Pasaka umekula mihogo mitupu. Kula ushibe.

Mtoto wako, Clotilde

Kilwa, 16 Juni 1997

Mwanangu,

Salamu. Mgongo haujambo, roho ndiyo inauma. Kapu nimelirudisha kwa Hénoc vilevile lilivyofungwa. Nimenunua samaki kwenye ufuko huo kabla hujazaliwa, naujua. Mjane hapewi samaki wa ukubwa ule hivihivi. Mvuvi humwambia aje nyumbani kwake kwanza. Heri nife na mihogo yangu. Umebatizwa, Clotilde. Umesahau?

Mamako

Kashikishi, 2 Agosti 1997

Mama,

Natumaini u mzima. Nimechelewa kwa sababu ya hasira.

Ni kweli, mvuvi alikuwepo, Kafula. Aliniambia, "Clotilde, samaki ya muzuri yote ni yako. Mangaribi kuya ku nyumba." Yaani niende kwake jioni. Na mimi, mama, nilitaka. Si samaki tu. Mwanaume mwenyewe ni mzuri, na nimelala peke yangu tangu baba watoto afe. Nikaanza Baba Yetu palepale mchangani. Nilipofika "usitutie majaribuni" nikakwama, nikarudia na kurudia mpaka wanawake wakacheka. Kisha nikamwambia hapana, mbele yao wote. Toka siku hiyo akaninyima hata dagaa.

Aliyenipa wale samaki ni mkewe, Felistus. Alisikia habari, akaja kwangu na beseni kichwani: "Bwana yangu anavua, lakini miye pia niko na haki ya kugawa." Sasa nanunua kwake, kwa bei ya wote.

Mtoto wako yuleyule, Clotilde

Kilwa, 10 Agosti 1997

Mwanangu Clotilde,

Bwana asifiwe! Nimecheka, nikalia, nikacheka tena, mpaka jirani Emilienne akaja kuuliza nani amekufa. Nisamehe. Nilikuhukumu kabla ya kukuuliza, na dhambi hiyo ni yangu, si yako. Msalimie Felistus, mwambie ana mama huku Kilwa.

Mgongo umepona. Hénoc anavuka Jumanne. Mpe kapu jingine, mihogo imenichosha.

Mamako mwenye njaa