Plagi ya Redio ya Mkwe na Salamu za Marehemu

Kwako Bi Mwanabaraka, shikamoo. Naitwa Twaha, fundi redio wa hapa Mwananyamala, na shida yangu nikiieleza kijiweni watanicheka, kwa hiyo nimeona nije kwako unisaidie.

Nimeposa binti anaitwa Raudha, na baba yake, Mzee Mudathir, ni mwanajeshi mstaafu, alikuwa mtu wa mawasiliano, ana redio ya zamani ya jeshi aliyoinunua mnadani, siku hizi haitumi tena, inapokea tu, lakini kwake hiyo ndiyo redio na nyingine haitaki ndani ya nyumba, sasa ile plagi ya waya wa hedifoni ikavunjika, ni plagi ya duara, ya shaba, ina pini kadhaa na inafungwa kwa kuzungusha, na mshenga wangu siku ya posa, kwa kunipamba, akasema mbele ya wazee wote, "Kijana wetu ni fundi, hiyo plagi mzee hesabu umeshaipata," na mie sikuwepo, nilikuwa nyumbani nasubiri majibu kama ilivyo kawaida, nikaletewa ahadi nisiyoitoa.

Bi Mwanabaraka, nimeitafuta mpaka basi. Kariakoo siku hizi kila kitu kipo, redio kaseti za Dubai zimepangwa mpaka barazani, lakini ukimwonyesha mwenye duka ile plagi anakuuliza kama ni ya trekta. Nikamwomba mzee niikate soketi nichomelee waya moja kwa moja, akanijibu, "Mwanangu, redio hii haiguswi kisu."

Ndipo mwenyewe akaniambia kwamba rafiki yake, Mzee Sadallah wa Temeke, aliyekuwa naye vitani Uganda, alinunua redio kama hiyo kwenye mnada uleule, huenda ana plagi ya akiba, niende nimsalimie. Nikaenda. Nikakuta Mzee Sadallah amefariki, wameshazika, hitima imeshasomwa, na mjane yuko eda. Akanisemesha kutoka nyuma ya pazia, akasema, "Tulitangaza redioni, na Mudathir anavyopenda redio vile, mbona hakuja kumzika mwenzake?" Nikasema hakusikia, redio yake mbovu. Akaguna, nikajua hakuniamini. Wakati naondoka, mtoto wake mkubwa, Kondo, akaniita uani, akaichomoa plagi kwenye redio ya marehemu akanipa, tukabadilishana na redio kaseti yangu, akaniambia mama asijue.

Sasa narudi, hata sijakaa, Mzee Mudathir ananiuliza, "Sadallah hajambo?" Na mie kwa mazoea tu ya salamu, maana mkwe huwezi kumrushia habari ya msiba mlangoni, nikajibu, "Hajambo, anakusalimu sana," nikijua nikishakaa nitamweleza taratibu. Lo! Mzee alifurahi mpaka akasimama, akamwita Raudha alete chai, akaanza kusimulia walivyogawana blanketi moja kule vitani, akasema redio ikipona tu ataibeba hadi Temeke wakasikilize pamoja. Neno likanikwama, na limekwama mpaka leo.

Redio yenyewe ipo kibandani kwangu na plagi ipo kwenye droo, inaingia sawasawa, ila naogopa kuifunga kwa sababu nikiifunga tu mzee atakwenda Temeke. Kila akiuliza namwambia Sadallah hakuwa na ya akiba, bado natafuta, mshenga anasema nimemwaibisha, na Raudha ameanza kuniuliza kama kweli mie ni fundi. Nikisema kweli namkosa Raudha. Nifanyeje?

Twaha, Mwananyamala.

Bi Mwanabaraka anajibu:

Marahaba, Twaha. Nimeisoma barua yako mara mbili. Ya kwanza nikakuonea huruma, ya pili nikatamani nikuvute sikio.

Kujibu "hajambo" mlangoni sikulaumu. Sote tumelelewa hivyo, mtu anaulizwa hali na nyumba yake inaungua, bado atasema salama kwanza. Kosa lako lilianza chai ilipofika. Umekaa, mzee amekaa, na mdomo unao. Na hiyo "anakusalimu sana" nani alikutuma uiongeze?

Unaniandikia plagi, plagi, plagi. Mwanangu, baba wa watu amefiwa na hajui kuwa amefiwa! Na huko Temeke kuna mwanamke ndani ya eda anayeamini kwamba rafiki mkubwa wa mumewe hakuujali msiba wake. Umekaa katikati yao kwa sababu unataka kuoa. Haya, oa, lakini si hivi.

Nisikilize sasa. Ukishalikunja gazeti hili, mfuate mshenga wako umweleze yote bila kupunguza. Yeye ndiye aliyekubebesha ahadi, na kinywa anacho, akitumie kwa kazi ya maana. Habari ya kifo kwa mzee hupelekwa na mtu mzima mwenzake, si kijana anayeposa. Lakini usijifiche mgongoni kwake. Akishamaliza, sema la kwako: "Baba, nilikudanganya, nisamehe." Basi. Usianze kumweleza mambo ya mazoea ya salamu.

Plagi irudi Temeke. Kondo si mwenye mali. Hiyo ni mirathi, ina mama yake na ndugu zake. Mpe mama yako mzazi aipeleke, maana yeye ataingia chumbani kwa mjane bila kizuizi, amweleze na amwombe radhi. Redio kaseti yako ukirudishiwa, shukuru, usiporudishiwa, nyamaza. Wakitaka wenyewe kumpa Mzee Mudathir hiyo plagi awe nayo kama kumbukumbu, watampa, nawe utaifunga kwa raha zako. Wasipotaka, hiyo redio na ikae kimya.

Raudha unaweza ukamkosa, sitakuficha. Lakini hebu fikiri mzee amefika Temeke na redio begani, anabisha hodi, anamwita mwenzake kwa jina, na wewe ndiye mume wa binti yake. Utamtazama vipi tena? Usiombe yakufike.

Na mtakapomwambia, usimwambie ajikaze. Usimletee habari za plagi wala za posa. Kaa chini karibu naye, umwache amlilie rafiki yake.