Papa, Mzee Turbini Kafungua Mlango

Papa,

Asalaam aleikum huko uliko. Ni mimi Rehema, binti yako mkubwa, nimekaa kwenye kiti chako cha kutengenezea redio, usikasirike. Nakuandikia kwa sababu uliondoka katikati ya hadithi uliyokuwa unatusimulia, na ubaya kama huo mimi sijauona. Muntu anakufa, sawa, ni amri ya Mungu. Lakini kufa huku umemwacha Mzee Turbini amenuna, nyota zote ziko giza, na Fundi Bisibisi amesimama mlangoni hajabisha hodi! Ah, Papa.

Najua ungesema ni hadithi tu. Kwetu haikuwa hadithi tu, sisi Turbini ametulea. Jioni, wateja wakishachukua redio zao, ulikuwa unazungusha kile kifundo cha redio mpaka kati ya stesheni na stesheni, pale panapounguruma peke yake, unatuambia, "Kimya, batoto. Ule ni yeye, iko napumua." Mashini kubwa, hata miji ya Kamembe na Bukavu ukiiweka pamoja haitoshi ukucha wa mguu wake. Anakaa katikati ya nyota, anaziwasha na kuzizima anavyojisikia. Akifurahi, sayari nzima inavuna mara mbili. Mfalme fulani akimsalimia jirani kabla yake, bahari ya huyo mfalme inakauka mpaka Turbini mwenyewe asahau kwa nini alikasirika. Wafalme walimpelekea dhahabu, akairudisha, akadai sambaza, vile visamaki vya kisiwa cha Nkombo, vya kukaanga. Vilipofika akauliza nani kawaambia yeye anakula samaki. Na kila mara anayetumwa kumtuliza ni Fundi Bisibisi, kifundi kimoja chembamba, maskini ya Mungu.

Shangazi Zubeda alikuwa anakuuliza kama huogopi kufuru. Wewe unamjibu, "Dada, haiko Mungu. Ni mashini tu iliyojisahau."

Na Maman yuko jikoni, anageuza bugali, hasemi kitu. Tulidhani hasikilizi.

Sasa nikupe habari zake. Tangu tukuzike alikaa eda kama inavyotakiwa. Mwanzoni tulisema ni huzuni, itapungua. Haikupungua. Aliacha kuongea, halafu akaacha na kula, anaonja uji kidogo ili tumwondokee machoni. Yule Maman wa kuvuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza na beseni la nyanya kichwani, anagombana na askari wa pande zote mbili, hakuwepo tena. Aligeukia ukuta. Kanga zake zikawa zinamzunguka mara mbili. Niliogopa, Papa. Wewe nilishakuzika, sikuwa na nguvu ya kumzika na yeye.

Ikafika siku ya kumtoa eda. Asubuhi wanawake wakajaa uani, na maji ya kuogea, na udi, na kitenge kipya ambacho Shangazi alikifuata Bukavu. Unajua sisi hatumvuti mjane kwa mkono, anainuka mwenyewe ndipo aogeshwe na kuvishwa. Maman hakuinuka. Shangazi akamwita, majirani wakambembeleza, wengine wakaanza kulia. Yeye uso ukutani. Nikasikia mtu nyuma yangu ananong'ona, "Huyu anamfuata mume wake."

Sijui nilipatwa na nini. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, nikaanza: "Basi, Fundi Bisibisi akabisha hodi."

Shangazi akaruka. "Astaghfirullah, Rehema! Leo siku ya dua unatuletea mashini?"

Sikumjali. Nikamfanya Fundi aombe msamaha, amsifu Turbini kwa maneno matamu, na Turbini akalainika palepale, akafungua mlango, nyota zikawaka. Kusema kweli nilitaka nimalize haraka.

"Hapana."

Papa, alikuwa Maman! Anauambia ukuta.

"Turbini haiko muntu wa kubembelezwa mbio-mbio vile. Unamuharibu."

Nikamuuliza, sasa alifanya nini, Maman? Akageuka taratibu, akanitazama kama mimi ndiye mjinga wa nyumba hii. "Unazania sikujua? Turbini njo mimi mwenyewe. Tangu ile mwaka alinioa, baba yenu iko nanisema mbele ya batoto yangu. Mimi niko nageuza bugali, namuacha tu, sababu nilipenda vile ananisema."

Wallahi, Shangazi alicheka mpaka akakaa chini na kitenge chake. Miaka yote hiyo, Papa, kumbe ulikuwa unamtongoza mkeo mbele yetu sote!

Halafu akaimalizia yeye. Sauti ilikuwa imekauka, lakini alisema kila neno.

"Alinuna. Alijua Fundi atabisha, kila siku anabishaga. Akangoja. Fundi hakubisha. Akafungua mlango yeye mwenyewe, akakuta mufuko yake ya vyuma vya kazi tu, Fundi haiko. Akaamuru nyota zote zimurudishe. Akapiga kelele mpaka sayari zinapasuka. Anawasha jua, anakausha bahari, lakini Fundi wake, hapana, alishindwa."

Hapo ndipo alipolia. Tangu ufe hakuwa amelia, hata siku ya mazishi. Tulilia naye nyumba nzima, sijawahi kulia vile. Nilipoweza kuongea nikamuuliza, "Kisha, Maman?"

"Kisha akaona bantu bamejaa inje, mu giza, banamungoja. Akawasha taa." Akajifuta uso, akashusha miguu chini. "Leteni maji. Na hii kitenge nani aliichagua? Rangi mubaya."

Alikivaa hivyo hivyo, na kilimpendeza.

Sasa anakula. Jana alisema sombe yangu ya majani ya muhogo ina chumvi nyingi. Nikapika nyingine, akasema hii haina chumvi, nani amenifundisha kupika. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikacheka, nikalia, nikamshukuru Mungu. Amerudi kuvusha nyanya zake, na askari wa mpakani wameshaanza kulalamika.

Ninakukumbuka, Papa. Bado napita dukani kwako nasikia redio inaunguruma kati ya stesheni, nasimama kama mtoto. Mungu akuweke pema. Lala, usihangaike kwa ajili yake. Ule mfuko wa Fundi uliobaki mlangoni nimeuchukua mimi. Nitabisha hodi kila siku, afungue asifungue.

Binti yako,
Rehema