Baiskeli Yako Imepakwa Rangi Nyekundu

Shija, rafiki yangu,

Usidhani nakuandikia kwa kuwa nimetulia. Nakuandikia kwa sababu nina kinyaa, na kinyaa hiki sina wa kumwambia. Mume wangu ananiambia niache mambo ya marehemu yapumzike. Sawa. Lakini kuna watu hawakuyaacha yapumzike, na wewe ndiye wa kwanza unayestahili kujua.

Tangu tukuzike, kazi yetu ya kuchanja kuku naifanya kwa miguu. Unazijua njia za huko milimani nyuma ya Katoro: mawe, makorongo, na mashimo ambayo wachimbaji wameyaacha wazi kama midomo. Tulipokuwa wawili, wewe ulikanyaga pedali, mimi nikakaa kwenye keria nimekumbatia kisanduku cha barafu chenye dawa ya kideri. Tukifika mwinuko ulikuwa unasema, "Shuka, Kabula, punda kachoka," nami nashuka nikicheka. Sasa hata kijiji cha pili sijakimaliza, jua limeshapanda, barafu imeyeyuka, dawa imeharibika. Juzi mama mmoja alinionyesha mitetea yake imelala chali uani. Hakunilaumu. Alinionyesha tu.

Nikaamua kununua baiskeli yangu ya kwanza. Iwe ya gia, ya kupanda milima kweli, na kwa fedha ile ndogo unayoijua.

Shija, kununua baiskeli kwa fedha ndogo ni kutembezwa ndani ya uongo. Nilianza na mpya za madukani. Zinang'aa, zina springi mbele na springi katikati. Nikakaa juu ya moja, ikabonyea kama godoro bovu. Ukikanyaga, nguvu zako zinaishia kwenye springi badala ya kwenda kwenye gurudumu. Pedali za plastiki. Nikabana breki huku nasukuma, gurudumu likaendelea kuzunguka bila aibu. Muuzaji akasema, "Dada, hii ina gia nyingi kuliko pikipiki." Nikamwomba ainyanyue nyuma nizijaribu hizo gia. Cheni ikaruka ikalala sakafuni. Na takataka ile ingemeza fedha yangu yote.

Basi nikaenda kwa Baba Deo, yule aliyekuuzia wewe. Najua. Niliapa sitakanyaga pale. Lakini ndiye mwenye mitumba mingi Katoro, na nilijiambia safari hii nitakagua mwenyewe. Fundi mmoja aliyekuja kwenye matanga yako alinifundisha: pitisha kucha pale mabomba ya fremu yanapokutana. Rangi inaweza kulificha jicho ufa, lakini kucha haidanganyiki.

Mwisho wa mstari ilikuwepo moja nyekundu. Matairi manene, kimo changu, miguu inagusa chini vizuri. Nikaipenda. Nikainama kuikagua nyuma, karibu na keria, vidole vyangu vikagusa vipete viwili vya chuma. Kimoja kimesimama wima. Cha pili kimelala upande.

Vipete vyako, Shija. Vile vya kupitishia mpira wa kufungia kisanduku. Cha pili kililala kwa sababu umeme ulikatika fundi akiwa katikati ya kuchomelea, na wewe ukasema hungoji, kuku hawangoji.

Nikahamia mbele, kwenye uma unaoshika gurudumu. Pale ulipokatika siku ile wewe ukiteremka mlima. Kucha ikapanda juu ya uvimbe chini ya rangi. Baba Deo ameuunga. Ule ule uma ameuchomelea na kuupaka rangi. Nikatoka nje nikatapika mtaroni.

Familia yako waliitoa kwa mnunuzi wa chuma chakavu ili mama yako asiione tena. Waliona ndiyo mwisho wake. Kumbe yule mnunuzi alijua pa kuipeleka. Na Baba Deo naye alijua ni ya nani. Alikuja msibani, Shija. Alikaa kwenye mkeka, akala wali, akasema kazi ya Mungu haina makosa.

Nikarudi ndani nikamuuliza, "Hii si ya Shija?"

Kilichonichefua zaidi ni kwamba hakudanganya. Alifuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Chuma hakina kaburi, dada. Nimeichomelea, imekuwa mpya. Kama inakupa mawazo, chagua nyingine. Hata hivyo hiyo ina mwenyewe. Kuna baba ametanguliza fedha, anamnunulia binti yake wa sekondari. Anaichukua kesho asubuhi."

Nilifikiria kuinunua mimi nikaitupe. Nilishika mkoba kabisa. Mkono ukakataa. Kumlipa yule mtu kwa ajili yako mara ya pili? Nisingeweza.

Nikaenda kwa mama yako. Tangu mazishi alikuwa hatoki nje ya boma ila kanisani. Nilimkuta anapepeta mchele. Nilipomaliza kumweleza hakulia. Aliuliza tu, "Ipo?"

"Ipo, mayu."

"Alfajiri unipitie."

Tulifika Baba Deo akiwa anazitoa baiskeli nje. Alipomwona akashtuka, akasema, "Shikamoo, mama." Mama yako hakuitikia. Unamjua, hata mlevi humwitikia marahaba. Ile salamu ikabaki inaning'inia pale. Akatandika kanga chini kando ya ile nyekundu, akaketi, akanyoosha miguu kama wanavyoketi wafiwa, akaweka kiganja juu ya gurudumu. Basi.

Watu wakaanza kusimama. Muuza chai akauliza kuna nini, nikamweleza, akamweleza mwingine. Kisha akaja yule baba na binti yake, msichana mwembamba aliyevaa sare. Msichana aliiona baiskeli akatabasamu, halafu akamwona mama yako pale chini, tabasamu likamwishia. Mama yako akamtazama yule baba, akasema, "Mwanangu alifia kwenye hii. Huu uma umekatika, umeungwa. Gusa."

Yule baba akachuchumaa, akagusa. Alichelewa kuinuka. Alipoinuka akamwambia Baba Deo, "Nirudishie changu."

"Mama, unanifukuzia wateja," Baba Deo akasema. "Sema unataka nini."

"Ikate."

Akacheka. Akageuka kutafuta wa kucheka naye, hakumpata. Muuza chai alikuwa ameweka birika chini, amefunga mikono. Hapo ndipo Baba Deo akaingia ndani akatoka na msumeno wa chuma. Akaanza na uma, akaja kwenye fremu, jasho linamtiririka, na mama yako hakuondoa macho mpaka kipande cha mwisho kilipoanguka. Kisha akakung'uta kanga yake, akaniambia, "Kabula, nitafutie maji ya kunywa."

Usidhani tulishinda. Kesho yake duka lilikuwa wazi, mstari wa baiskeli umepangwa, rangi zinanukia. Ananisalimia nikipita. Ananisalimia, Shija! Natema mate nikishavuka barabara, na bado ladha yake haiondoki.

Yangu niliipata kwa mwalimu aliyekuwa anahamia Chato. Ni mbaya kwa sura, kijani kilichopauka, haina springi hata moja. Lakini fremu nimeipitishia kucha kila kiungo, ni safi. Breki zinashika mpaka kiti kinanisukuma. Gia zake ni chache na kila moja inaingia. Mwalimu aliniacha niipandishe mlima wa shuleni kwanza, akasubiri kivulini, akasema, "Ukirudi unahema lakini hujakasirika, ichukue." Nilirudi nahema. Fedha iliyobaki nilinunulia tairi la nyuma lenye meno.

Yule baba naye alinifuata nyumbani, amekuja na binti yake. "Tusaidie kuchagua, wewe unajua kushika." Nilikwenda nao. Tulizikataa nyingi, wauzaji wakaniita mchawi, mwishowe tukapata moja ya kawaida, ngumu, isiyo na madoido. Msichana aliondoka nayo polepole, baba yake anakimbia pembeni.

Kwa hiyo sikiliza ninachokuahidi. Yeyote atakayeniita twende kununua baiskeli, nitakwenda, na nitainama, na nitagusa mbele ya muuzaji akiwa ananitazama. Na kinyaa hiki sitakiacha kipoe. Watu wakishazoea uchafu huu ndipo wanapokula wali msibani na kurudi dukani kuchanganya rangi.

Mama yako ameanza tena kufuga. Kesho asubuhi naanza na kuku wake. Nenda, rafiki yangu. Yeye niachie mimi.

Kabula