Maneno Aliyoyaandika Mama Mdogo

Chumba cha nyuma, kwa mama
Jumapili, 30 Juni

Mpendwa kaka,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kimepona? Sisi wazima, na mama siku hizi anatembea bila fimbo. Ila mimi nina kinyaa, kaka, nisipokuandikia kitanikaba.

Unajua natunza tovuti ya hospitali. Watu huandika shida zao kwenye kisanduku cha kutafuta, na maneno yasiyopata jibu huletwa kwangu kila Jumatatu kwenye orodha. "Navuja mkojo." "Mkojo haushikiki tangu nijifungue." Ukurasa wa tiba ya ugonjwa huo tunao, ila umeandikwa "Fistula ya Uzazi", basi wanajibiwa: hakuna kilichopatikana.

Nilimwomba bosi, yule tunayemwita Kamusi, tuyaunganishe maneno yao na hilo la kitaalamu, ili mtu aandike lolote na bado afike. Akakunja pua. Akasema hayo ni maneno ya chooni, yatachafua tovuti. Nami nikamalizia chai yangu.

Mwezi uliopita nikamkuta mama mdogo amejifungia chumbani, amekalia nailoni. Miaka miwili, kaka, tangu alipojifungua yule mtoto ambaye hakuishi, na sisi tukidhani ni majonzi tu. Akanionyesha simu. Alitafuta kwenye tovuti yetu mara tisa.

"Nilidhani ugonjwa wangu haupo," akaniambia.

Nilijichukia. Maneno yake niliyasoma kwenye orodha, nikayapita.

Kesho yake niliyaingiza yote bila ruhusa. Kamusi akaniamuru niyafute. Nikamwambia ayafute mwenyewe, mbele ya muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake, niliyemwita makusudi. Muuguzi akavuta kiti, akamwambia aanze, yeye anatazama. Kamusi hakugusa kitu.

Wiki hiyo wanawake thelathini na wanne waliufikia ukurasa. Kisha kwenye mkutano Kamusi akasimama kulisifia "wazo lake", akapigiwa makofi. Nilitoka nje nikatema mate.

Mama mdogo alipasuliwa mapema mwezi huu. Mpira wa mkojo umetolewa, shuka zinaamka kavu. Alinikataza nisikwambie. Leo asubuhi akabadili nia, akasema niandike, ila nisiandike fistula. Niandike kwamba alikuwa anavuja mkojo, na sasa havuji.

Nisalimie wifi na mapacha. Mungu awafunike huko ugenini.

Ndimi akupendaye bila kupungua,
Mdogo wako