Zile Safuria Usizifukue Kwanza

Ndosho, Goma

Mama mukwe wangu mupenzi,

Kifua kimekuachilia kidogo? Unalala? Miye niko, na Sifa iko hapa pembeni yangu, amekula. Mwenye kukusomea hii barua asome polepole, na watoto watoke inje kwanza.

Mama, shofere wa maharagi alinifikishia ujumbe wako. Umesema huko Kalengera kumetulia kidogo, na unataka kufukua zile safuria tulizozika chini ya migomba wakati wa kukimbia, unitumie ile kubwa. Ni juu ya hiyo ninakuandikia.

Nimepata kazi ya kufagia. Hapa Ndosho kuko nyumba wanaiita mize, ni kusema makumbusho, ya watoto. Si shule. Watoto wanajifunza kwa kucheza: kuko soko ndogo na mizani yake, kuko jiko na safuria ndogo za kuchezea, kuko sanduku kubwa la muchanga. Kila kitu kinashikwa, hakuna wa kukemea. Waliniruhusu nije na Sifa. Unakumbuka vile alitoka huko, hasemi hata jina lake. Nikasema labda muchezo utamufungua kinywa.

Basi safuria za pale jikoni zikaanza kupotea. Leo moja, kesho ingine, na vijiko vyake. Nani anabaki nyuma ya wote? Mwenye kufagia. Mama direktrisi, mukubwa wa ile nyumba, hakunitukana, lakini aliniomba nifungue mufuko wangu mbele ya watu. Kasereka, sentineli wa mulango, akanichekesha ili nisilie: "Mama Sifa, na hizi safuria unapikia panya?" Nikacheka. Nikipoteza hii kazi tunarudi kulala kwenye sakafu ya kanisa.

Siku moja nikageuza ule muchanga nitoe uchafu. Zote zilikuwa chini, zimepangwa, kubwa imefunika ndogo, vile wewe ulizipanga. Sifa akanirukia mukono. Na akasema, Mama! Sauti yake kabisa:

"Acha! Watatuibia. Tutazitoa tukirudi."

Mama direktrisi akapiga magoti mbele yake. "Nani amekufundisha huu muchezo?"

"Koko." Nikamuelezea kwamba ni wewe, bibi yake.

Watoto wengine wakasogea. Mumoja akasema hata kwao walizika, tena na redio. Wakaanza kurudisha muchanga pamoja naye. Mama direktrisi aliniomba musamaha, akasema vitu vibaki humo humo.

Ningeishia hapo ungefurahi. Lakini tukirudi nyumbani, kinywa sasa kimefunguka, akaniuliza:

"Tukifika kwa koko tutatoa safuria kwanza, ao papa kwanza?"

Nikakaa chini, palepale kwenye mawe meusi, watu wanapita. Aliona yote, Mama. Jioni ulizika safuria ukimwambia tutarudi kuzichukua. Asubuhi, na jembe lile lile, kwenye migomba ile ile, tukamuzika mutoto wako, papa yake. Nani alimuelezea kwamba ni vitu viwili? Hakuna. Tulikuwa tunakimbia.

Nilimujibu tu, "Tutaona." Na tangu hapo anaimba, anagombana na wenzake, anaomba chakula. Anangoja.

Sasa ile safuria ikifika hapa, atajua mumeanza kufukua. Ataangalia mulango, aone nani anaifuata nyuma. Nitamuambia, Mama, ni kazi yangu, siikimbii. Lakini bado sijapata maneno, na naogopa akinyamaza mara hii hatarudi tena. Kwa hiyo nakuomba, zile safuria usizifukue kwanza. Pikia kwa chungu. Udongo wa pale uache vile uko, pande zote mbili.

Unisalimie shangazi Riziki mwenye kushona, na baba mudogo anayepiga kengele ya kanisa. Waambie tunaishi.

Sifa amenikalia magotini, anataka na lake liandikwe. Anasema: "Koko, jembe usimuazime mutu."

Ni miye, muke wa mutoto wako,
Mama Sifa