Mbuni wa Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi

Nimefagia, nimechemsha chai, nimeulisha mbuni wangu. Kijiko cha mbolea ya dukani kwenye kopo la maji ya kisima, kama kila asubuhi. Kisha nimeufuta majani, moja moja. Igurwa nzima hakuna mwenye mti wa kahawa sebuleni isipokuwa mimi. Uko kwenye ndoo nyeupe chini ya dirisha, juu ya stuli yenye kitambaa nilichofuma kwa mkono wangu. Kila mgeni namwonyesha. Namwambia ameuotesha mwanangu Jovitha, afisa ugani kule Songambele, aliyeshika namba moja tangu darasa la pili. Wengine wameshasikia. Nawaambia tena.

Mibuni ya marehemu baba yake iliisha yote kwa ugonjwa wa mnyauko. Tuling'oa, tukachoma. Umebaki huu tu. Jovitha aliuwahi ukiwa kipandikizi kidogo, akauweka ndani kwa sababu udongo wa nje hauaminiki. Baada ya Pasaka anakuja kuukata vipandikizi, aanze upya kibanja cha kahawa cha baba yake. Lazima aukute umenenepa.

Alhamisi, 6 Machi

Udongo umefanya ukoko mweupe juu, mpaka kwenye ukingo wa ndoo. Nimefurahi. Umeshiba mpaka unacheua.

Majani mawili yameungua ncha, rangi ya kahawia. Labda hayo chakula hakijayafikia. Nimeongeza kijiko cha pili.

Jumapili, 9 Machi

Mama Koku, jirani yangu, kapitia hapa akitoka kanisani. Anaita mlangoni, "Nimekuja kumsalimia mtoto wa sebuleni." Nikamkaribisha, nikaanza habari za Jovitha. Yeye kachokonoa ule ukoko kwa kidole, kaweka ulimini. Yule mwanamke haogopi kitu.

"Dada, hii chumvi. Mti unauunga mchuzi?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mambo ya kitaalamu awaachie wenye watoto wataalamu. Akacheka, akachukua khanga yake, akaenda.

Nilipobaki peke yangu nikaonja. Chumvi. Chungu, inachoma ulimi. Nilikaa sakafuni na nguo zangu za kanisani. Nimehesabu majani yaliyoungua kingo. Kumi na moja. Alhamisi yalikuwa mawili.

Jumatatu, 10 Machi

Majani manne juu ya kitambaa asubuhi. Yaliyobaki yamelegea kama ya kiangazi, na udongo umelowa. Maji yapo, mti una kiu. Sijawahi kuona. Halafu nikakumbuka kwamba nimewahi. Mibuni ya mume wangu ililegea hivihivi.

Niliogopa kumpigia Jovitha. Nimemsifu kila mahali, sasa nimwambie nini? Saa nne nikapiga.

"Mama, mbolea unaweka mara ngapi?"

"Kila siku. Kijiko."

Akaniambia nirudie. Nikadhani mtandao.

"Nilisema mara moja kwa mwezi, mama."

"Mwezi mzima mtoto hali?"

Akauliza kama maji yanatoka chini ya ndoo. Nikamwambia ukweli. Yale matundu niliyaziba kwa nta ya mshumaa siku aliyouleta, kitambaa changu kisilowe, na chakula kisipotee bure. Nilijiona mjanja sana siku ile.

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Akaeleza polepole kama anavyowaeleza wakulima wake. Si mnyauko. Mti unakunywa maji, chumvi ya mbolea inabaki. Haina pa kutokea, kila siku inaongezeka. Ikizidi, inavuta maji kutoka kwenye mizizi, kama nyama ukiipaka chumvi inavyotoa maji. Hapo nikaelewa. Nyama nimepaka chumvi maisha yangu yote.

Ni mimi. Ugonjwa uliubakiza, mimi nimeumaliza kwa kijiko cha chai.

Nikauliza kama utapona. Akasema, "Tujaribu, mama."

Jumanne, 11 Machi

Nimekwangua ukoko wote. Nimetoa nta kwa msumari. Maji meusi yakatoka, yananuka kama shimo la choo. Jamani, haya ndiyo nilikuwa naunywesha.

Nimeupandisha juu ya matofali mawili barazani. Jovitha alisema maji ya mvua, si ya kisima, maana ya kisima nayo yana chumvi yake. Nimechota kwenye pipa la chini ya bati. Kopo moja, nasubiri lichuruzike. Kopo jingine. Ndoo nne nzima zimepita. Ya kwanza ilitoka kama chai ya rangi. Ya nne ilitoka safi. Nililia mpaka ndoo ya tatu, kisha nikachoka.

Kitambaa nimedekia baraza.

Jumamosi, 15 Machi

Yamebaki majani matatu tu. Mama Koku kaja na ndoo ya maji kichwani. "Ya mvua, bati letu jipya. Mtaalamu amesemaje?" Nikamsimulia yote, hata nta. Alijikaza mpaka alipofika njiani, ndipo nikamsikia anacheka. Maji yake yamebaki hapa.

Jumapili, 23 Machi

Hakuna jani. Nimeurudisha sebuleni, na sahani chini ya ndoo. Jovitha kapiga mara mbili. Mara zote namwambia bado.

Jumapili, 30 Machi

Nimekwangua gome kwa ukucha, pale chini. Kijani.

Nikavaa miwani. Kwenye pingili, kila upande, kuna kitu kidogo kama punje ya ulezi. Kijani nacho. Nimepiga simu, nikasema, "Vichipukizi viwili." Nikamsikia Jovitha anapenga kamasi.

Mchana akaja mgeni kutoka Kayanga. Akauliza kijiti kile sebuleni ni cha nini. Nikasema ni mbuni, unapumzika. Sikuongeza neno. Nikamwaga maji yaliyochuruzika kwenye sahani, nikaenda kumletea chai.

Kopo la mbolea liko juu ya kabati, nisikolifikia bila stuli.