Benchi ya Feza

Jumamosi

Asante Mungu, haikuvunjika! Watu wane wa upande wa muchumba wa binti yangu Feza waliikalia, na baba yake ule ni mutu munene kabisa, lakini benchi haikulia hata kidogo.

Wiki nzima nilikuwa na woga. Hapa nyumbani viti viko viwili tu, na kuazima kwa jirani, Mama Salumu, ni kutangaza umaskini wangu mpaka kule Wamaza. Ndiyo Feza akaokota benchi iliyotupwa nyuma ya kanisa, mguu mumoja umeliwa na muchwa. Akachonga mguu mupya, akanyoosha misumari ya zamani, akapaka yale mafuta meusi mafundi wa pikipiki wanamwaga. Muchwa hayapendi.

"Mama Feza, hizo ni kuni," Mama Salumu alisema jana. Akaikalia kwa nguvu makusudi ivunjike. Benchi kimya! Ila mafuta yalikuwa hayajakauka. Aliondoka na mistari miwili myeusi kwenye kikwembe alichojifunga, pale anapokalia. Sikumwambia. Nilicheka mpaka mbavu...

Leo mafuta yamekauka. Baba wa muchumba aliinama, akachungulia chini ya benchi. "Fundi ni nani?"

"Ni huyu munakuja kuposa," nilimujibu, na sauti yangu ilifika kwa Mama Salumu.

Muzee akacheka. "Basi, mama, mutatupatia na nyundo yake?"

Nikamwambia nyundo itaenda naye. Benchi haitoki hapa.